Ramani Iliyokosa Uongo

Kauri ya Jemo ilikuwa imelowa.

Limojwa aliigusa kwa ncha ya kidole, akakiweka kidole ulimini. Chumvi. Akainua macho juu: bati lilikuwa zima, na hata kama lingekuwa na tundu, kisiwa cha Ailuk kilikuwa hakijapata mvua kwa wiki saba. Kauri zile, magamba ya konokono wa baharini, alizifukia mwenyewe nyuma ya jiko ili sisimizi wazile nyama, akazifukua, akaziosha, akazianika mpaka zikawa nyepesi kama maganda ya mayai. Zilikuwa sita kwenye ramani ya vijiti ukutani, kila moja kisiwa chake: Ailuk, Jemo, Likiep, Wotje, Mejit na Utrik. Tano zilikuwa kavu. Hii ya Jemo ilikuwa ikijikusanyia tone chini ya tumbo lake, tone likanenepa, likaanguka mkekani, na jingine likaanza.

Ilikuwa Jumatatu, saa sita mchana. Maji yalikuwa yamekupwa na mwamba wote umebaki mtupu, ukimetameta.

Alijiambia kwamba labda aliishika kwa mkono wenye maji. Akaifuta kwa upindo wa gauni, akarudi kwenye wali wake.

Wali wenyewe ulikuwa wa watu wawili. Kwa miaka mitatu Limojwa alikuwa akipima vikombe viwili vya mchele, kikombe cha pili kikiingia sufuriani kabla mkono haujakumbuka. Mabaki yalikwenda kwa nguruwe wa wifi yake, Neibon. Nyumba ilikuwa ya mwisho upande wa kusini. Baada yake ni kokoto, mikadi na bahari. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Mumewe aliitwa Lajuwan Jitiam, na asichanganywe na Lajuwan wa Enejelar, ambaye yu hai na mpaka leo anakausha nazi za kopra. Lajuwan huyu alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Mafundo yake yote yalizunguka kinyume, na mkewe alikuwa akimtania kwamba ngalawa aliyoifunga yeye siku moja itakwenda kinyumenyume. Aliondoka na wenzake Elti na Jorim kwenda Jemo kutafuta kasa, safari ya mchana mmoja kwa upepo mzuri. Kilichorudi ni mrengu wa ngalawa peke yake, umekwama mwambani. Kando ya nyumba palikuwa na kaburi lililopakwa chokaa na kumwagiwa kokoto nyeupe. Ndani yake hamkuwa na mtu.

Kazi ya Limojwa ilikuwa kutengeneza ramani za vijiti. Alikata vijiti vya makuti, akavipinda jinsi mawimbi makuu ya bahari yanavyopinda yakikutana na nchi, akavifunga kwa uzi wa kumbi, na mahali pa kila kisiwa akaweka kauri. Kutoka kisiwa hadi kisiwa alifunga mstari wa mafundo, mahali mawimbi mawili yanapogongana na baharia anapoyasikia chini ya ubavu wake. Mstari huo wazee waliuita uti wa mgongo wa njia. Ramani haikupandishwa ngalawani hata siku moja. Baharia aliisoma nyumbani, akaiacha ukutani, akaenda nayo kichwani. Siku hizi zilikwenda Majuro kwa meli ya kopra, zikanunuliwa na wageni wa kuzitundika sebuleni kwao.

Aliyemfundisha ni mjomba wake, Lanmoj, naye alimfundisha kwa sharti moja: kila ramani inayotoka mkononi mwako iwe na uongo mmoja. Sogeza kauri moja upana wa dole gumba, inatosha. Limojwa aliuliza sababu mara moja tu, akiwa msichana, akajibiwa kwamba ramani ya kweli ni mali ya chifu. Kwa miaka ishirini hakukosea.

Ila mwaka ule meli haikuja kwa miezi minne. Hapakuwa na aliyeagiza kitu, na mikono ilikuwa haina pa kwenda. Akaanza ramani yake mwenyewe. Kila alfajiri alijilaza chali kwenye maji ya kina kifupi mwisho wa kisiwa, macho kayafumba, kama Lajuwan alivyomwonyesha zamani, mpaka akalisikia wimbi la mashariki likipita mgongoni na lile la kusini likilikata. Akatoka, akafunga alichokisikia. Jemo akaiweka mahali pake hasa. Toka Jemo hadi Ailuk akafunga mafundo sita. Akaitundika ukuta wa kusini, akasimama mbele yake, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumcheka, akasema kwa sauti, "Haya. Njia hiyo hapo."

Jumanne, saa saba kasoro robo, maji yalipokupwa, kauri ya Jemo ilikuwa na nyama ndani. Limojwa aliiona ikitoa ukingo wake mweusi, laini, ikaulamba mgongo wa gamba kama kauri hai inavyofanya baharini. Na tone lilikuwa limehama. Sasa lilikuwa limening'inia kwenye fundo la kwanza.

Alirudi nyuma hatua mbili. Kisha taratibu, kitu kilichokuwa kimejikunja kifuani mwake kwa miaka mitatu kikajikunjua. Jumatano saa saba na nusu lilikuwa fundo la pili. Jioni ile alipakua sahani mbili.

"Wifi!" Neibon aliita Alhamisi kutoka nje, hatua zake zikisaga kokoto. Alikuwa mwanamke mnene, dada yake Lajuwan, mwenye sauti ya kuitia ngalawa. "Nguruwe wangu wanauliza leo kumepikwa nini."

"Wali."

"Wanajua ni wali. Wanauliza na nini. Jana hawakupata kitu, wamenuna." Akaingia, akaona sahani mbili juu ya mkeka, akanyanyua nyusi. "Ehe! Tuna mgeni? Niambie kabla sijaambiwa na mke wa mchungaji."

"Kunywa chai, Neibon."

Neibon alikunywa, akatema mlangoni. "Wewe! Hii chai au maji ya kuchemshia kaa?"

"Nimetia sukari."

"Umetia bahari." Alicheka peke yake, akaacha. Akatoka mpaka kwenye tangi, akafungua bomba, akakinga kiganja, akaonja. Aliporudi hakuwa na mzaha tena. "Tangi lako limeingia chumvi. Limeingiaje? Liko juu ya matofali, lina mfuniko."

"Sijui."

"Na hii harufu? Mafuta ya kasa. Nani kapika kasa hapa?"

Limojwa alikuwa ameisikia harufu ile tangu asubuhi, mafuta ya kasa na mwani uliooza, na alikuwa amefungua madirisha ili iingie vizuri.

Ijumaa, saa tisa na robo, fundo la nne likalowa, na tangi la Neibon likaingia chumvi. Saa ile ile, toka mwambani, mtu akakohoa: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa kuvuta. Limojwa alikijua kikohozi kile kama anavyojua mlango wake. Alikimbia nje, gauni likishikwa na miiba ya mkadi. Mwamba ulikuwa mtupu hadi mwisho, jua limeupiga mpaka unaumiza macho.

Jumamosi, saa kumi, haukuwa mtupu. Alimwona amesimama mbali, pale mwamba unapokatika na bahari kuu inapoanza, mwanamume aliyeupa mgongo mji, mabega yale yale, kichwa kimeinamia kushoto vile vile, na Limojwa alitaka kumwita lakini hakumwita, kwa sababu maji yalikuwa yakimtoka mtu yule mwilini na hayakwisha, yakimshuka toka nywele hadi visigino kama anayesimama chini ya mfereji wa bati wakati wa mvua, ila hapakuwa na bati wala mvua, na maji yale yalipofika mwambani hayakurudi baharini yaliko mengine bali yalikuja huku, kwenye nchi, yakitambaa juu ya mwamba mkavu kwa vijito vyembamba vinavyopapasa, kimoja hapa, kimoja pale, kama vidole vya mtu anayetafuta kitu gizani. Kisha akakohoa, na sauti haikutokea kule aliko. Ilitokea nyuma ya ukuta wa kusini.

Jioni ile matangi manne yalikuwa yameharibika, la shule likiwa mojawapo. Hata dafu alilolipasua Neibon lilikuwa na ladha ya machozi. Watu walisimama njiani na ndoo zao wakitazamana.

Jumapili Limojwa alikwenda kanisani kwa kuwa hakuweza kukaa nyumbani. Katikati ya wimbo wa pili mke wa mchungaji aliingia akiwa na kikombe, akamnong'oneza mumewe, na mchungaji akaufunga mdomo wake katikati ya ubeti. Birika la maji ya mvua la kanisa, kubwa kuliko yote kisiwani, lilikuwa limeanza kuingia chumvi.

Mjomba Lanmoj alikuwa shemasi, na tangu avunjike nyonga alisikiliza ibada akiwa kitandani kwa mpwa wake mwingine, karibu na kanisa, dirisha likiwa wazi. Limojwa alimkuta akifyonza kokwa la mkadi kwa ufizi. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Neibon alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni.

Lanmoj alilitoa kokwa mdomoni. "Uliacha uongo."

"Haikuwa ya kuuza, mjomba. Ilikuwa yangu."

"Nilikwambia kila ramani. Nilisema ya kuuza?"

"Ulisema ni kwa ajili ya chifu."

"Hiyo ni sababu ya kumwambia mtoto!" Akashusha sauti, akatazama dirishani. "Njia ikiwa ya kweli, ni ya kweli kwa anayekwenda na kwa anayerudi. Aliyezama hana macho, anapapasa tu. Sasa wewe umemtupia kamba, naye ameishika. Kila maji yakikupwa anavuta."

"Kwa hiyo ni yeye?" Limojwa aliuliza. "Ni Lajuwan?"

"Sijui. Inaweza kuwa yeye. Inaweza kuwa jini lililomvaa, wako majini wa bahari wanaovaa watu kama sisi tunavyovaa nguo ya kanisani. Na hata akiwa yeye, hawezi kuiacha bahari nyuma akaja peke yake. Ameshakaa ndani yake miaka mitatu. Akifika Ailuk, anafika nayo. Mmebakiwa na mafundo mangapi?"

"Moja."

"Na maji yanakupwa saa ngapi leo?"

"Saa kumi na moja."

Neibon alishika mlango. "Basi tuikate! Tuitie moto!"

"Ukiikata sasa, anabaki hapo alipofika, nyuma ya ukuta wa Limojwa, anakohoa mpaka huyu naye afe. Na maji yanabaki yalivyo." Mzee akafumba macho. "Dawa ni kumdanganya. Mtilie kisiwa kisichokuwapo. Njia isiishie Ailuk, ipite. Mfungie njia nyingine mpaka mahali patupu, kaskazini mashariki, hakuna kitu kule mpaka mwisho wa dunia. Weka kauri. Ataamini. Maskini, ataamini."

Limojwa akainuka kutoka magotini.

"Leo Jumapili, shemasi," Neibon akasema kwa sauti ndogo. "Si wewe uliyemsimamisha mtu mbele ya kanisa kwa kufunga kamba ya nguruwe?"

"Kazi siku ya Jumapili ni dhambi. Na uongo ni dhambi. Leo atafanya zote mbili, na mimi nitakuwepo nihesabiwe naye. Nileteeni toroli."

Wakamsukuma kwa toroli la kopra kisiwa kizima, yeye na nguo yake nyeupe ya ibada, akishika kingo kwa mikono miwili. "Polepole, Neibon! Mimi si magunia." "Magunia yana adabu, mzee, hayapigi kelele." Walikuwa wakisema hivyo ili wasiusikie woga wao. Tangu walipopita shule harufu ya kasa ilikuwa nzito kiasi cha kukaa ulimini, na kokoto za njiani zilikuwa zimelowa.

Saa kumi na moja kasoro robo Limojwa aliketi mbele ya ramani. Matone yalikuwa yameondoka fundo la tano na sasa yalikuwa yakitembea kwenye kijiti, kweupe, mbele ya macho yao, kuelekea la sita. Nje ya ukuta kitu kilikuwa kikidondoka, chapa, chapa, chapa. Alichukua kijiti kipya, akakipinda. Vidole vilijua kazi. Akakiunganisha kabla ya fundo la sita, akakipitisha juu ya Ailuk bila kuigusa, akakipeleka kaskazini mashariki, kwenye uwazi ambao hakuna mzee yeyote aliyewahi kuweka kitu. Akatafuta kauri kikapuni. Ilikuwa imebaki moja nzuri, yenye doa la kahawia mgongoni, ambayo Lajuwan aliiokota siku moja akampa akisema, "Inafanana na wewe."

Kikohozi. Karibu sana, kimo cha sikio la mtu aliyekaa.

Kisha sauti ikasema, taratibu, kama ilivyosema kila siku kwa miaka ishirini na mitatu mtu yule alipotoka mwambani akiwa amechoka:

"Limojwa. Wali umeiva?"

Neibon alijitia upindo wa gauni mdomoni akauma. Kaka yake alikuwa futi mbili kutoka kwake, nyuma ya ubao wa ukuta, na Neibon machozi yalimtoka bila sauti.

Kauri ilikuwa kiganjani mwa Limojwa. Sufuria ilikuwa jikoni na wali wa watu wawili ndani yake. Ilikuwa neno moja tu. Angesema "umeiva," na mlango ungefunguka, na asingekula peke yake tena, na saa ile aliona ndani ya kichwa chake ndoo zote za Ailuk, zimesimama njiani kwa mstari, na watu kando yake, midomo imepasuka, wakingoja meli ambayo haijulikani itakuja lini.

"Limojwa," ikasema tena. "Mbona kimya?"

"Funga," mjomba akanong'ona. "Usijibu. Funga, mwanangu."

Akafunga. Aliizungushia kauri uzi mara tatu, akakaza kwa meno. Kijiti kipya kikalowa. Tone likasimama pale njia inapogawanyika, likatetemeka, kana kwamba linasikiliza. Kisha likaifuata njia mpya, likaipita Ailuk, likaenda.

Nje, hatua zilisaga kokoto. Zilizunguka nyumba, zikapita kando ya kaburi, zikashika ufuo wa mashariki. Kikohozi kilisikika toka kule kwenye mikadi, halafu toka mbali zaidi, halafu ikabaki bahari peke yake.

"Usiiuze," Lanmoj alisema walipompandisha toroli. "Usiichome. Usiigeuze. Iache hapo hapo."

Mvua ilianza Jumanne, ikanyesha siku tatu mfululizo. Watu waliyamwaga matangi, yakajaa tena, na maji yalikuwa matamu. Baada ya wiki mbili meli ya kopra ilitia nanga, na mpishi wake, Batlan, mtu wa Likiep anayependa maneno, alikuja kuchukua ramani za kupeleka Majuro. Alikaa mlangoni akila maandazi.

"Nyie watu wa Ailuk mmepata kisiwa kipya hamkutuambia?"

"Kisiwa gani?" Limojwa akauliza.

"Tulisukumwa na dhoruba, tukapotea kaskazini mashariki. Juzi alfajiri tunaona nchi, mama. Chini chini, mchanga na mkadi mmoja. Nahodha katazama karatasi zake, hamna kitu. Akasema ni wingu. Wingu gani lina mtu?"

"Mtu?"

"Mmoja. Ameketi ufukweni, ameinamisha kichwa, kashika kazi fulani mikononi. Nikampigia kelele, hakuinuka. Nahodha akageuza meli, eti mimi nimelewa." Akajipangusa mdomo. "Sijalewa tangu Pasaka, nakuapia."

Limojwa alimfungia ramani saba, kila moja na uongo wake, akamsindikiza hadi kwenye mashua, akarudi. Nyumba ilikuwa kimya. Hakuwa ameitazama ramani ya ukuta wa kusini tangu Jumapili ile. Alikuwa amejizoeza kukaa akiipa mgongo. Sasa akaisogelea.

Kauri yenye doa la kahawia ilikuwa hai. Ilikuwa imetoa ukingo wake mweusi na kuurudisha, ikipumua taratibu. Na kati yake na Ailuk, pembeni ya njia aliyoifunga yeye, palikuwa na kijiti kingine asichokitia yeye, chembamba, kilichokatwa vibaya kama kwa ukingo wa gamba. Juu yake palikuwa na fundo moja. Uzi wake ulikuwa bado na maji.

Aliinama mpaka pumzi yake ikaligusa. Lilizunguka kinyume.

Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mkasi ulikuwa kikapuni, karibu. Aliutazama. Neibon alikuwa hatua mia moja kutoka pale, na mjomba mwisho wa kisiwa, na sauti ya mtu mmoja ingetosha kuwaita.

Alipima vikombe viwili vya mchele. Akabandika sufuria na birika la chai, akajimiminia, akaketi akiutazama ukuta wa kusini. Chai ilikuwa na chumvi kidogo, kidogo sana, mtu mwingine asingeitambua.

Akainywa yote.